Shibiri Moja ya Bomba

Mpendae, baada ya alasiri

Nasra mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Darajani kutafuta soksi nzito, nami nimejifungia chumbani na daftari lako la zamani la hesabu, maana ndilo lililobaki na kurasa tupu. Usiicheke hati yangu. Mimi mtu wa spana. Kalamu kwangu ni ya kuandika namba ya chumba na neno "imetengenezwa", basi.

Ya safari sikwambii. Mama yako keshakwambia ya pasipoti, ya chakula, ya kutombebea mtu begi usilolijua, na keshayarudia mara tatu. Mimi nina jambo moja tu, na nataka ulisome leo, humu humu ndani ya nyumba, kabla hujaondoka kesho. Usilitie mkobani ukalifungue ndegeni. Huko mama yako atakuwa keshabaki nyuma, na jambo lenyewe ni lake.

Unakumbuka Jumapili, baada ya dua ya kukuombea safari. Ukumbi umejaa, watu washakula pilau, mjomba wako Makame kaja kutoka Chwaka na zogo lake lote. Akakuuliza, "Na hiyo baridi ya Uturuki, bibi, utaiweza?" Ukamjibu, "Ntaiweza, mjomba. Ila Mama akija kunitembelea tusimweke karibu na dirisha. Atatuua sote!"

Nyumba ikaangua kicheko. Makame alijipiga paja. Mimi pia nilicheka, Nasra, nisikufiche. Mama yako akacheka pamoja na sisi, akachukua sinia la vikombe, akaingia jikoni.

Sikulaumu hata kidogo. Umepata akili ukaukuta mzaha huo humu ndani kama ulivyovikuta viti. Mlango ukiachwa wazi, "kapita mama yako". Mvua ikiingia, "muulizeni Bi Dirisha". Na hadithi yake nyote mnaijua: kwamba mama yako alikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya Mji Mkongwe, akaacha dirisha wazi, dari ikaloa ikaanguka juu ya kitanda cha mgeni, akafukuzwa kazi. Hadithi hiyo imesimuliwa harusini, msibani, kila mahali. Msimulizi wake wa kwanza ni mimi, na ni uongo.

Haya. Nishaliandika. Nimeinuka nikanywa maji, nimerudi, bado lipo hapo kwenye karatasi. Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Mashine ile ya kupooza vyumba unaijua, lakini nitaieleza kama ninavyomweleza mtu asiyeijua, kwa sababu uongo wangu niliujenga kwa elimu ya mashine. Hoteli ile ilikuwa jumba la kale, na majumba yale hawataki kuona maboksi ya viyoyozi yananing'inia kutani. Kwa hivyo uani uliwekwa mtambo mmoja mkubwa wa kupooza maji, na maji yale yakipanda kwa mabomba mpaka kila chumba. Juu ya dari ya chumba kuna boksi la bati. Ndani yake mna feni, na mna koili, yaani bomba la shaba lililokunjwakunjwa na kuvishwa mabati membamba kama karatasi. Maji baridi yanapita ndani ya koili, feni inasukuma hewa juu yake, mgeni anajifunika shuka. Sisi mafundi tunaiita feni koili. Na bomba linaloleta maji lazima livikwe sponji nyeusi mwanzo hadi mwisho, pasibaki uchi hata kidogo. Hewa ya kwetu hapa imejaa maji, ikigusa bomba baridi lililo tupu, bomba linatoka jasho kama gilasi ya sharubati.

Ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho. Vali ya maji ya chumba namba saba ilikwama, nikapanda kuibadilisha. Nilipomaliza nikaona sponji imenipungukia. Shibiri moja tu, Nasra, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho. Dukani ningewahi, lakini zimebaki dakika ishirini kuadhini, na wewe nyumbani una miaka mitatu, umeshika tabia ya kukataa uji mpaka Baba afike. Nikasema, kesho. Nikarudishia kifuniko cha dari, nikapanda baiskeli yangu, nikaja. Usije ukajitwisha huo uji ukasema ni kwa ajili yako. Mtoto wa miaka mitatu ana haki ya kumngoja baba yake. Baba ndiye aliyekuwa na wajibu wa kurudi kesho yake, na hakurudi. Idi ikaingia, Idi ikapita, wageni wakajaa, chumba namba saba nikakisahau.

Mama yako akifanya kazi hapo hapo, ghorofa ya pili, chumba cha sita mpaka cha kumi na mbili. Tena alinitangulia. Ni yeye aliyenisemea kwa meneja nikachukuliwa, jambo ambalo nadhani hujapata kulisikia humu, kwa sababu silitaji. Alikuwa mhudumu hasa! Pembe za shuka zake ukizitazama utadhani zimepigwa pasi pale pale kitandani. Wageni wakiacha vijikaratasi vya kumshukuru, na meneja alishamwambia kwamba Idi kubwa ikimkuta pale atakuwa msimamizi wa wahudumu wote. Usiku ule alivyorudi na habari hiyo alinifundisha kutandika, akicheka, akisema lazima aanze kuzoea kufokea watu.

Basi baada ya Idi ndogo akanijia chini kwenye mtambo. "Baba Nasra, chumba cha saba kinanuka uvundo. Hebu njoo utazame."

Nikamwambia, "Wageni wanafungua mlango wa baraza mashine inawaka. Hewa ya nje inaingia. Wewe funga tu."

"Nnafunga."

"Basi funga zaidi."

Wiki ya pili akaja tena. Kuna doa kwenye dari, kadiri ya kisahani. Nikamjibu, na kila neno nalikumbuka, kheri ningelisahau: "Mama, wewe tandika vitanda. Mambo ya mashine niachie mimi." Palikuwa na vijana wawili wa jikoni wanasikia. Nilikuwa na kipimajoto changu kipya mfukoni, kile chenye kioo cha namba, na nilijiona mtu mkubwa. Alirudi juu.

Mara ya tatu hakuja kwangu. Alichofanya ni kutandika taulo kuukuu nyuma ya kitanda, kulikamua asubuhi na jioni, na kila akimaliza kusafisha kufungua dirisha nusu saa ili uvundo utoke kabla mgeni hajarudi, halafu kulifunga. Kosa langu alikuwa akilikamua kwa mikono yake kila siku, na mimi chini napima maji.

Siku dari ilipoanguka, mgeni wa chumba hicho, bibi mmoja mtu mzima, alikuwa chini anakunywa kahawa. Alhamdulillahi. Kipande cha ukubwa wa meza kilimwagika juu ya kitanda, na mto wake ukafunikwa wote. Meneja akaja mbio na simu yake, akapiga picha. Na ilikuwa ni ile nusu saa. Dirisha liko wazi, pazia linapepea, na mashine inanguruma juu.

Akaniita. Akaniuliza mbele ya watu, "Fundi, sababu nini?"

Mimi nilipotupa jicho juu kwenye lile tundu nililiona bomba. Nililiona shibiri yangu, inang'aa, tone linaning'inia. Wengine waliona giza tu na mabati, hakuna aliyejua kinachotakiwa kuonekana. Nikasema, "Dirisha lilikuwa wazi."

Unaona? Si uongo. Lilikuwa wazi. Nikaendelea nikaeleza vizuri kabisa jinsi hewa ya nje inavyoingia na maji yake, inavyokutana na baridi, dari inavyolowa. Yote ni kweli, utayasoma huko chuoni, watakuandikia na hesabu zake. Meneja akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Akanipa karatasi nikaandika, nikatia sahihi. Jina la mama yako sikuliandika. Niliandika "mhudumu wa chumba". Nilijidanganya kwamba watampa onyo tu, naye ana sifa nzuri, litapita. Wiki ile ile akaambiwa asirudi.

Mchana wa siku ile ya dari nilikwenda dukani nikanunua sponji, nikalivika lile bomba, nikalifunga kwa utepe raundi tatu. Sijapata kuvika bomba vizuri kama siku ile.

Nilikuwa nikisema nitamwambia leo. Narudi, namkuta kakuweka mapajani anakusuka, nasema nitamwambia akimaliza. Ulikuwa na nywele nyingi, hamalizi upesi. Halafu jirani mmoja akauliza mlangoni, kwa wema tu, mbona siku hizi Mama Nasra yupo nyumbani? Mama yako akanitazama mimi. Alinitazama vizuri, alinipa nafasi. Nami nikacheka, nikasema, "Si kafukuzwa na dirisha!" Jirani akacheka. Mama yako akacheka na yeye. Nikaona, aa, basi, limekwisha, limekuwa dogo. Nikamsimulia Makame. Nikasimulia kazini. Kila nilipolisimulia likizidi kuchekesha, na nikizidi kupata usingizi.

Ndiyo asili ya Bi Dirisha.

Sasa nikuulize kitu. Kwa nini nyumba yetu madirisha yamefungwa? Joto la mwezi wa pili, feni moja inazungusha moto, fundi wa viyoyozi mwenyewe hana kiyoyozi, na madirisha yamekazwa makomeo. Ulipokuwa mdogo ukilia joto, mama yako akikuambia mbu. Ulipokua akakuambia wezi. Umemwona maisha yako yote akizunguka nyumba kabla ya kulala, anavuta komeo moja moja, anarudi la kwanza anaanza tena. Wewe na mimi tukimtania na kwa hilo pia! Zile ndoano za kuzuia dirisha lisijipige likiwa wazi zimeota kutu ukutani kwa kukosa kazi. Miaka kumi na sita, Nasra. Alikuwa akifunga kila siku madirisha ambayo hakuyaacha wazi.

Jumapili, mlipokuwa mnacheka, nilimfuata jikoni. Nilisingizia makaa ya chetezo. Nikamkuta kasimama mbele ya kidirisha cha jikoni, sinia la vikombe liko chini, mkono uko kwenye komeo, analivuta kuona kama limekaza. Hakugeuka. Akasema, "Mtoto atakwenda na hilo la dirisha hata huko."

Hapo ndipo lilipotoka. Sikulipanga. Nikasema, "Halikuwa dirisha."

"Nnajua."

"Lilikuwa bomba. Niliacha—"

"Shibiri moja," akasema. "Nnajua, Baba Nasra. N'lipanda ngazi."

Nikakaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, ndicho kilichokuwa karibu. Akanieleza huku anaosha vikombe, sauti ya chini, na nyinyi huko ukumbini mnapiga vigelegele vya keki. Siku ile dari ilipoanguka, yeye alikuwa wa kwanza kufika, kabla ya meneja. Alichukua ngazi ya wapaka rangi iliyokuwa ukumbini kule hotelini, akapanda, akaingiza mkono kwenye tundu. "Nikapapasa sponji, sponji, sponji," akasema, "halafu mkono ukapata baridi tupu. Nikaelewa. Nikashuka, nikarudisha ngazi pahala pake. Ndo mkaja."

Nikamuuliza mbona hakusema.

Akanigeukia, na povu la sabuni mikononi. "Ningesema nini? Ungefukuzwa wewe, na mimi wasingeniacha, mke wa fundi aliyeangusha dari. Na mtoto miaka mitatu. Mmoja alitosha." Halafu akasema lile ambalo nimelala nalo na kuamka nalo tangu Jumapili. "Kule sikutaka useme. N'lingoja useme hapa. Hapa tu, sisi wawili. N'lingoja siku ile, n'kangoja wiki, we ukaja na kichekesho."

Nililia, mwanangu. Nililia juu ya kibao cha mbuzi na chetezo mkononi, na mama yako hakunibembeleza, akamaliza vikombe vyake. Alipomaliza akafuta mikono, akasema, "Mwambie Makame. Na mtoto umwambie kabla hajaondoka. Tena umwandikie. Mdomo wako naujua, utaanza vizuri na mwisho watu watacheka."

Ndiyo maana unasoma badala ya kusikia.

Kwa Makame nilikwenda Jumatatu. Nilimkuta nje ya nyumba anaosha Vespa yake. Akaanza, "Karibu shemeji, vipi, Bi Dirisha hajambo?" Nikamwambia yote, nimesimama juani, sikukaa. Akaendelea kusugua tairi moja hiyo hiyo. Nilipomaliza akauliza swali moja, "Na yeye anajua?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile."

Akalitupa dodoki ndooni. "Kwa hivyo mimi," akasema, "nimemcheka dada yangu usoni miaka yote hii, na yeye anajua." Akaingia ndani. Nilingoja kidogo, nikadhani ataleta maji, ndivyo alivyo. Hakutoka. Nikaanza kuondoka, nikamsikia nyuma ya mlango, "N'takuja kumuaga mtoto. Wewe siji kukuona." Basi kesho bandarini, kabla ya boti ya kukuvusha kwenye ndege, ukimwona mjomba wako hanipi mkono, usifadhaike wala usitupatanishe. Ana haki yake, mwache nayo kwanza.

Kule kazini sikuenda. Wenyewe wa hoteli washabadilika mara mbili, meneja yule sijui yuko wapi, hakuna wa kumwambia. Hilo nimechelewa, na sina dawa yake. Usimamizi wa wahudumu alipewa mwingine, na mama yako akaanza kukaanga bajia. Bajia zimekusomesha, sikatai, na sote tunazisifu. Lakini hakuwa mtu wa bajia. Alikuwa mtu wa kutembea ukumbini na funguo kiunoni, watu wanasimama wima wakimwona. Humjui mama huyo. Mimi ndiye niliyekunyima.

Na wewe, katika vitu vyote vya ulimwengu, umechagua uhandisi wa mitambo. Ulipoleta ile barua ya kukubaliwa nilijisifu mtaa mzima kwamba damu yangu imekuita, na ndani kitu kikanichoma. Unakwenda kusoma, kwa vitabu na kwa mahesabu, kile nilichokijua mimi kwa spana. Utajua zaidi yangu mara mia. Itafika siku utasimama chumbani na watu wote wanatazama tundu, na wewe peke yako ndiye unayejua unachokiona. Sijui nikwambie nini juu ya siku hiyo. Naweza kukwambia tu ilivyokuwa kwangu: ilikuwa rahisi mno. Nilitegemea uongo uwe mzito, utetemeshe mikono. Wapi! Ulitoka laini, umenyooka, na watu wakanishukuru kwa maelezo. Mama yako hakuwa na kipimajoto wala cheti. Alitia mkono tu.

Nimekumbuka ile siku nilipokuchukua Mbweni, nilipohamia hoteli ya kule. Ulikuwa na miaka tisa, likizo, umevaa viatu vya shule kwa sababu ulisema unakwenda kazini. Nikakupandisha juu kwenye mabomba, nikakushikisha la kwenda, ukapiga kelele kwa baridi. Nikakushikisha la kurudi. Ukalishika muda mrefu, ukakunja uso, ukauliza, "Hili halina baridi sana. Baridi yake imekwenda wapi?"

Nikakujibu haraka haraka, imebaki chumbani. Kumbe sivyo, na nilijua sivyo, nilifupisha tu. Maji hayaachi baridi chumbani, mwanangu. Yanachukua joto. Yanapita yakichukua joto la watu wamelala, yanarudi nalo uani, yanalitua, yanapita tena. Uliuliza swali la kweli nikakupa jibu la njia ya mkato. Nimechelewa miaka kumi, lakini jibu ndilo hilo.

Na huko uendako, nimeuliza, bweni lenu lina mashine hizo hizo, chini ya dirisha. Koili ile ile, feni ile ile. Ila wakati wa baridi wanapitisha maji ya moto. Mimi nimefanya kazi hii miaka ishirini na tatu na sijapata kulishika bomba la feni koili likawa na moto. Ukifika, kabla hujafungua sanduku, tia mkono nyuma yake ulishike kwa ajili yangu. Kisha nipigie uniambie likoje. Hilo tu ndilo ninalokuagiza.

Kwa mama yako sikuombei wala sikufundishi la kumwambia. Ukitaka kumkumbatia, mkumbatie. Ukitaka kukaa naye ubavuni ukae kimya, kaa. Usimwombee msamaha kwa niaba yangu, hilo ni langu na bado naliomba, na yeye hajanijibu, na hana haraka. Lakini ule mzaha, nakusihi, uache hapa. Mabinamu zako wakiutia kwenye kundi la simu, na watautia, maana wameuzoea, usinilinde. Waambie lilikuwa bomba la Baba. Waambie hivyo hivyo.

Nakupenda, Nasra. Sijui kwa nini kwetu neno hili tunalingojeza mpaka mtu ana tiketi mkononi. Nilikupenda ulipogoma uji, nilikupenda na viatu vyako vya shule juu ya mabomba, na Jumapili, uliponichekesha kwa mzaha wangu mwenyewe, nilikupenda nikatamani ardhi inifunike.

Nilitoka sasa hivi kutafuta bahasha. Nimerudi kuongeza haya machache.

Mama yako kajilaza ukumbini kwenye mkeka, karibu na sanduku lako. Kalala usingizi wa kweli, kinywa wazi kidogo, kanga imemteleza kichwani. Na dirisha la juu yake li wazi. Mbao zote mbili. Upepo unaingia, pazia linampapasa miguu. Nilisimama pale nikadhani nimelisahau mimi, nikanyoosha mkono nilifunge asije akashtuka. Ndipo nikaiona ile ndoano yenye kutu. Imetiwa. Kaitia mwenyewe, na kutu bado iko kwenye vidole vyake.

Ukirudi na soksi zako ingia polepole. Usilifunge.

Baba yako